Dakika Ishirini za Samaki

Wapo watu wenye midomo wanaosema kwamba nchini kwetu mtu haruhusiwi kwenda likizo nje. Uongo mtupu. Mwaka jana peke yake waliomba watu mia mbili na kumi, na mmoja akaenda. Huyo mmoja nilimsindikiza mimi, nikamrudisha mimi, na ripoti yake niliiandika kwa mkono huu huu. Kwa hiyo mtu asije kunifundisha habari za likizo.

Jina la nchi sitalitaja. Si kwamba naogopa. Limebadilishwa mara nne tangu mwaka uanze, na karani mwenzangu aliyeandika jina la juma lililopita juu ya bahasha alipelekwa kujifunza jina jipya mahali fulani, na mpaka leo bado anajifunza. Itoshe kusema ni nchi nzuri, ina milima, ina Baba Mlezi, na ina Idara ya Mapumziko ya Ng'ambo, ambamo mimi ni Afisa Msindikizaji Daraja la Pili. Wakati wa mambo haya nilikuwa Daraja la Tatu. Nilivyopanda nitaeleza, msiwe na haraka.

Idara yetu iko ghorofa ya tano na lifti huishia ya pili. Anayetaka kweli kupumzika nje atazimaliza zilizobaki kwa miguu, na asiyetaka atarudi zake nyumbani bila kutupotezea muda. Asubuhi moja alizipanda Bi. Hidaya, aliyekuwa mpishi wa shule ya msingi hadi alipostaafu, mama mnene mwenye pumzi fupi. Nyuma yake alikuja mumewe, Mzee Mbaruku, ambaye maisha yake yote alikuwa akiunganisha simu pale posta. Mzee alikuwa mwembamba, na cha kuonekana kwake yalikuwa masikio: makubwa, yamesimama, utadhani bado anangoja mtu apige.

Nilimwamkia yule mama, maana mimi nimelelewa.

"Marahaba, mwanangu," akasema, akashika ukingo wa dirisha apate kuhema. "Nataka kwenda likizo Ng'ambo."

"Sababu ya likizo?"

"Nimechoka."

Mzee Mbaruku akafungua mdomo aongeze neno. Bi. Hidaya akamkanyaga mguu, mzee akaufunga.

Hapa lazima nieleze sheria, msije mkatuhukumu vibaya. Kwenda nje kutembelea ndugu hairuhusiwi, kwa sababu hakuna mwananchi mwenye ndugu nje. Baba Mlezi alishatangaza kwamba nchi yetu haihamwi. Ikitokea mtu akahama, basi imeonekana kwamba hakuwa mwananchi. Na kama hakuwa mwananchi, hakuzaliwa hapa. Na kama hakuzaliwa hapa, hana mama hapa. Idara ya Vizazi huja na kifutio, mambo yakaisha kwa amani.

Nilifungua jalada la Bi. Hidaya. Penye neno "Watoto" palikuwa na tundu. Karani aliyefuta alikuwa na mkono mzito. Mtaani walivumisha kwamba alikuwa na binti mmoja wa pekee, Lulua, muuguzi, aliyevuka mpaka miaka mitatu iliyopita, na kwamba Lulua huyo alikuwa amejifungua majuzi mtoto wake wa kwanza, na bibi na babu wamekaa huku hawajui hata sura yake. Uvumi tu. Mimi naamini jalada, na jalada lilikuwa na tundu.

"Huna ndugu Ng'ambo?" niliuliza, kwa kufuata fomu.

"Nitakuwa naye vipi, na wewe jalada unalo hapo?"

Nilipenda jibu hilo. Nikampa kiti.

*

Kupanga safari za ndege si mchezo. Ng'ambo iko upande wa pili wa mto. Hali ya hewa ikiwa safi unaona nguo walizoanika. Zamani kulikuwa na ndege ya moja kwa moja iliyochukua dakika thelathini na tano, nayo ilisimamishwa, kwa sababu wataalamu waligundua kwamba mtu akifika Ng'ambo kwa dakika thelathini na tano hupatwa na wazo la hatari, kwamba Ng'ambo ni karibu. Sasa msafiri huunganisha ndege tatu. Ya kwanza humpeleka kusini kabisa, ambako atakaa kwenye viti vya uwanja kwa muda wa saa kumi na moja. Ya pili humpeleka kwenye kisiwa ambacho hata mimi sijajua ni cha nani. Ya tatu humrudisha kaskazini hadi Ng'ambo, na kwa kuwa lazima ipite juu ya nchi yetu, abiria huombwa washushe vifuniko vya madirisha.

"Siku mbili," nilimwambia Bi. Hidaya. "Na ile ya kwanza huanza kwa kuizunguka sanamu ya Baba Mlezi mara saba, abiria wampungie mkono. Mara ya saba hutegemea mafuta."

"Haidhuru. Mradi ifike."

Nikamtolea Kijitabu cha Vivutio Vilivyoruhusiwa. Vivutio ni kumi na kimoja, na kwa kila kimoja mwombaji hujaza siku, saa, idadi ya dakika, na hisia atakayokuwa nayo. Vingine alivijaza bila hata kuvisoma. Mnara, dakika tano. Maporomoko ya maji, dakika sita. Makumbusho ya Vinu, dakika nne. Kwenye hisia aliandika kote: sitahisi kitu. Mwandiko wake ulikuwa mzuri, wa mtu aliyezoea kuandika orodha za vyakula.

Alipofika Jumba la Samaki akasimamisha kalamu.

"Hapa pana kivuli?"

"Pako ndani, mama. Samaki wako kwenye matangi ya kioo."

"Na mtu mwenye mtoto mchanga, mathalani, anaruhusiwa kuingia?"

Nilipekua kijitabu nikamwambia kwamba watoto huingia bure. Akaandika: Alhamisi, saa nne asubuhi, dakika ishirini.

"Ishirini?" nikauliza. "Mnara umeupa tano."

"Mnara umesimama, mwanangu. Samaki hatulii, inabidi umngoje apite."

Sikuona kosa. Nikapiga muhuri. Na ratiba ikishapigwa muhuri husomwa redioni siku saba mfululizo baada ya taarifa ya habari, kivutio kwa kivutio, saa kwa saa, ili wananchi wafurahi pamoja na msafiri. Redio ya Taifa husikika hadi Ng'ambo, tena wazi kuliko hapa mjini. Niliwahi kulisema hilo kikaoni. Nikaambiwa haiwezekani isikike, kwa sababu Ng'ambo ni mbali. Nami nikakubali, kwa sababu ratiba za ndege nilizipanga mwenyewe.

*

Baada ya hapo ilikuja fidia ya macho. Kila kivutio cha nje hutanguliwa na cha ndani cha aina ile ile, mtu asije akaenda kutazama kitu kwa watu akidhani kwao hakipo. Nilimpeleka Bi. Hidaya kwenye mnara wetu, ambao ni mrefu kuliko wao isipokuwa haujajengwa, tukasimama kiwanjani tukitazama juu kwa dakika tano. Maporomoko tuliyaona nyuma ya wizara, kwenye bomba lililopasuka. Kisha tukaenda Jumba letu la Samaki, yaani beseni lililo chini ya ngazi, ambamo mna kambare. Kambare huyo alifariki mwezi wa nne, lakini barua ya kumstaafisha haijasainiwa, kwa hiyo bado yupo kazini. Bi. Hidaya alimtazama dakika ishirini kamili, upande wa mtandio puani, akatia saini kwamba ameona samaki na ametosheka.

Likabaki suala la mdhamini. Kila msafiri huacha mtu wake, na mtu huyo hukaa Nyumba ya Kungojea mpaka msafiri arudi. Nyumba hiyo si gereza, na nitakasirika nikisikia mtu anaiita hivyo. Gerezani watu wanajua siku ya kutoka. Ni nyumba yenye mabenchi yaliyoelekezwa upande wa barabara, na wadhamini hukaa wakitazama barabara kwa zamu. Wapo walioingia mimi nikiwa shuleni. Mama mmoja alimngoja mumewe mpaka akamsahau sura, na alipolalamika Idara ilimhurumia ikampa mtu mwingine wa kumngoja.

Mzee Mbaruku aliingia na mswaki, shati moja na redio ndogo. Redio waliichukua mlangoni. Alisimama na mkewe pale penye kizingiti, wazee wawili wasiojua mikono waiweke wapi, maana kushikana mbele ya askari hairuhusiwi.

"Utamtazama na sehemu yangu," mzee akasema.

"Nitamtazama."

"Usifanye haraka. Ukirudi unihadithie."

"Nimeandikiwa dakika ishirini, Mbaruku. Zote nitazitumia."

Nikaandika pembeni: mdhamini anapenda samaki.

*

Mtihani wa Kutoshangaa ndio unaowaangusha wengi. Mkurugenzi wetu, Bwana Tambwe Kisaka, huusimamia mwenyewe, na kabla ya kuanza huhutubia. Siku hiyo alihutubia kwa saa nzima, na mwombaji alikuwa mmoja.

"Mwananchi," alisema, akizunguka kiti chake, "anayeshangaa taa za watu ametukana giza la kwao. Giza letu tumelijenga kwa jasho, hatukupewa. Ukienda kule ukatoa macho, macho yale ni ya nani? Ni ya taifa. Umeazimwa. Utayatumia kwa kiasi, utayarudisha yakiwa kama yalivyotoka."

Mwombaji hukaa kwenye kiti, karani mmoja akamshika mshipa wa mkono, nami naonyesha picha. Barabara yenye taa, zote zinawaka. Duka lenye sukari. Treni yenye milango. Kisha picha ya hospitali, ambapo mgonjwa mmoja amelala kwenye kitanda kimoja, na hapo ndipo mwaka juzi mwalimu mmoja wa hesabu alisema "Ala." Alisema hilo tu. Hatukumwona tena kwenye foleni, wala shuleni hakuonekana, na mdhamini wake aliendelea kungoja ingawa hakuna aliyesafiri.

Bi. Hidaya alizitazama picha zote kama mtu anayetazama sufuria ambayo maji hayajachemka. Majirani walisema alijizoeza wiki sita mbele ya kioo, mumewe akidondosha vifuniko vya masufuria nyuma yake. Nilikuwa nimeshaanza kukusanya picha zangu Mkurugenzi alipotia mkono mfukoni mwa koti akatoa moja ambayo haikuwa kwenye orodha.

Ilikuwa ya mwanamke kijana aliyesimama mlangoni, amevaa gauni jeupe la uuguzi, tumbo limemtangulia, anacheka.

"Unamfahamu?"

"Simfahamu."

"Tazama tena."

"Nimetazama."

"Anapendeza?"

"Wa kawaida tu."

"Akikusimamisha njiani, akakuita mama?"

"Nitamwambia amenifananisha."

Mkurugenzi akamgeukia karani. Karani akasema mshipa haujabadilika hata kidogo. Baadaye, tukinywa chai, aliniambia kwamba haukubadilika kwa sababu muda wote ule haukupiga. Mimi nikamshauri asiliseme hilo kwa watu.

Bi. Hidaya akapata mia kwa mia, alama ambayo haijawahi kupatikana tangu Idara ianzishwe. Mkurugenzi akamsainisha karatasi ya ziada, kwamba picha aliyoonyeshwa ni ya mtu asiyemjua, na kwamba akionekana kumjua huko aendako mdhamini atangoja milele. Neno "milele" lilikuwa limeshapigwa chapa kwenye fomu. Bi. Hidaya akasaini, akaaga, akashuka ngazi. Nilimkuta ghorofa ya pili amekaa sakafuni mbele ya lifti. Nilimletea maji, kikombe kikamshinda kushika, nikamnywesha. Nikaandika: ngazi zimemchosha.

*

Tulisafiri Jumanne, yeye kiti cha dirishani, mimi pembeni yake na saa yangu ya mkononi na daftari. Alibeba begi la nguo na mfuko mmoja ambao ukaguzi wetu uliufungua mara tisa. Ndani yake mlikuwa na doti ya khanga, mpya, haijakatwa, na chupa ya mafuta ya nazi.

"Khanga za nini?" aliulizwa mara zote tisa.

"Za kujifunga, baba."

Kwa siku mbili hakulala. Tuliwasili Ng'ambo Alhamisi alfajiri, na uwanjani pale nilimchunguza vizuri. Ngazi zilizokuwa zikitembea zenyewe alizipanda kana kwamba alizaliwa juu yake. Mimi nilijikwaa, lakini msindikizaji hafanyiwi mtihani. Saa tatu tukautazama mnara kwa dakika tano. Alitazama zaidi saa yangu.

Saa nne kamili tukaingia Jumba la Samaki.

Ni ukumbi mkubwa wenye giza la kupendeza, na katikati kuna tangi moja la kioo, refu kama basi, unaweza kulizunguka pande zote. Wageni walikuwa wachache. Kwenye benchi karibu na mlango alikaa mwanamke kijana mwenye gauni la maua, mtoto mchanga amemlaza begani. Alipotuona akasimama. Nafikiri alisimama haraka mno, maana mtoto alishtuka akalia kidogo.

"Mama," akasema.

Nilishika kalamu. Bi. Hidaya alikuwa hatua tatu kutoka kwake, na hatua hizo hakuziongeza wala hakuzipunguza.

"Umenifananisha, mwanangu," akasema.

Niliyaandika maneno hayo kama yalivyo.

Yule mwanamke akanitazama mimi, akatazama daftari, akatazama beji yangu ya Idara. Nilidhani atapiga kelele, na nilikuwa nimeshatafuta ukurasa wa kelele katika mwongozo wangu. Hakupiga. Alimpangusa mtoto mdomo, akatuacha, akazunguka tangi taratibu mpaka upande wa pili.

Bi. Hidaya akaenda kusimama mbele ya kioo. Nikaanza kuhesabu dakika.

Nimesindikiza watu kabla ya hapo, nimeona wanavyotazama vitu. Sijapata kuona mtu anayetazama samaki vile. Hakugeuza shingo, hakujikuna. Samaki walipita, wekundu, wa milia, mmoja bapa kama chapati, na macho yake hayakuwafuata. Yalikuwa yanapita katikati ya maji kwenda moja kwa moja upande wa pili. Na upande wa pili alikuwepo yule mwanamke, amemfunua mtoto kitambaa, amemwinua mpaka kwenye kioo. Pengine mtoto naye alitaka kuona samaki. Alimgeuza huku, akamgeuza huku. Akamvua kofia. Akaushika mkono wa mtoto akaubandika kwenye kioo, mkono mdogo, nikaona alama ya vidole ikibaki. Bi. Hidaya akanyanyua mkono wake akauweka kwenye kioo upande wetu, usawa ule ule. Kugusa kioo hakukatazwi. Nilitafuta katika kanuni, hakukatazwi.

Kati ya mikono yao kulikuwa na maji ya mita mbili na samaki.

Dakika ya kumi na tano niligundua kalamu yangu imesimama. Nilidhani ni ubaridi wa ukumbi. Nikajikumbusha cheo changu, nikaendelea kutazama saa.

"Muda umekwisha, mama," nikasema ilipotimia ishirini.

Aliondoa mkono. Uso wake ulikuwa ule ule wa mtihani. Tulipofika nje nikaona hana mfuko.

"Umesahau mfuko wako kwenye benchi."

"Hauna kitu cha maana," akasema. "Twende kwenye vinu."

Nikaandika: mali iliyopotea, mfuko mmoja. Makumbusho ya Vinu tuliyatazama dakika nne.

*

Tulirudi kwa ndege zile zile tatu. Kwenye ukaguzi hakuonekana na hisia yoyote, na Mkurugenzi alikuwa ameshaagiza cheti, Msafiri Bora wa Miaka Kumi, na picha ya Baba Mlezi pembeni. Kilibaki kitendo kimoja tu, kumtoa mdhamini.

Mzee Mbaruku aliletwa mlangoni pa Nyumba ya Kungojea. Alikuwa amekonda, mashavu yameingia ndani, masikio tu ndiyo yaliyobaki na ukubwa wake. Sheria inasema kwamba kabla ya kuvuka kizingiti mdhamini ataulizana na msafiri mbele ya afisa, kuhakikisha kwamba aliyerudi ndiye aliyekwenda. Nikawaambia waanze.

"Samaki ulimwona?" mzee akauliza.

"Nilimwona."

"Mzima?"

"Mzima kabisa."

"Yukoje?"

Bi. Hidaya alikuwa amevumilia picha za Mkurugenzi, amevumilia ngazi za Ng'ambo, amevumilia kuitwa mama. Angeweza kusema ni mwekundu. Angeweza kusema ana milia, nami ningeandika, na mzee angevuka.

"Ana masikio yako," akasema.

Na hapo uso ukamponyoka. Akacheka, huku machozi yanamtoka bila mpango. Mzee Mbaruku akapeleka mikono juu, akayashika masikio yake mawili, akayashika vile kwa muda, akilia kama mtoto, mlango uko wazi na hatua moja tu imebaki.

Sitaficha, nilifurahi. Nilifurahi kwa namna ya mtu aliyechungulia nyumba ya watu akakuta wanakula vizuri. Kisha nikatoa daftari. Samaki hana masikio ya kuonekana. Niliuliza kwa wataalamu ili nisimwonee mtu. Lilikuwa jambo lililoonekana Ng'ambo na halikuwemo kwenye ratiba, na kazi yangu ni kuandika. Niliandika.

Mkurugenzi alisoma ripoti akiwa amesimama. Uamuzi wake nimeubandika ukutani kwangu kwa ajili ya lugha yake. Anasema kwamba kwa kuwa msafiri amekiri kuona kitu kisichoandikwa, na kwa kuwa kitu hicho kimebaki Ng'ambo, na kwa kuwa moyo wa msafiri kwa dhahiri umebaki nacho, basi msafiri hajarudi wote. Na mdhamini ataendelea kungoja mpaka sehemu iliyobaki itakaporejea. Mlango ukafungwa. Cheti kikafutwa jina, nikapewa mimi, pamoja na Daraja la Pili.

Sisi si wakatili. Nilipeleka ombi, na ombi likakubaliwa: Bi. Hidaya anaruhusiwa kumtazama mdhamini wake kila Alhamisi, saa nne asubuhi, kwa dakika ishirini. Nyumba ya Kungojea ina dirisha moja lenye kioo kinene kisichopitisha sauti. Yeye husimama nje juani, mzee husimama ndani, nami huwa hapo na saa yangu.

Kwa kuwa hawasikiani, huwa hawasemi kitu. Bi. Hidaya hunyanyua mikono miwili akaitenganisha, kama mtu anayeonyesha urefu wa kitu, na mzee huitikia kwa kichwa kwamba ameona. Alhamisi ya kwanza ulikuwa urefu wa mkate. Kila wiki anauongeza kidogo, kwa kukisia, maana hajaletewa habari yoyote. Sasa umefika hatua ambapo hushusha mkono mmoja karibu na goti lake, kuonyesha kwamba kitu hicho pengine kimeanza kusimama.

Saa yangu siku hizi inachelewa. Alhamisi iliyopita ilichelewa dakika sita, na nilizijua tu kwa sababu askari alinikumbusha. Mafundi wa saa wako wengi hapa mjini, mmoja ana kibanda mbele ya ofisi yetu kabisa. Sijapata nafasi ya kuipeleka.